Mwenyewe Yupo?

Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, mzee wa santuri alifungua dirisha lake, akaweka spika ukingoni, akachagua ganda moja la santuri na kuliinua juu tulione sote. Sahani yenyewe aliishika kwa leso, kama mtu aliyebeba yai la kuazima. Hakuiweka kwenye mashine. Kwanza alichungulia nje na kuuliza kwa sauti ya kazini, "Mwenyewe yupo?"

"Nipo!" mmoja wetu alijibu, popote alipokuwa, kwenye nyasi, kwenye kamba ya nguo au mlangoni kwake akichagua mchele. Ndipo sindano ilipotua. Kama hakuna aliyejibu, ganda lilirudi ndani na lingine likatoka. Hapakuwa na kubembeleza.

Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, pale Kaloleni, tangu nikiwa na meno ya utotoni hadi nikawa mwanamke mwenye mshahara wake, na sikuwahi kumsikia akicheza santuri ya mtu ambaye hakuwepo. Kila santuri ilikuwa na mwenyewe, na wenyewe walikuwa sisi. Yeye ndiye aliyezileta, ndiye aliyezifuta vumbi, ndiye aliyekuwa na mashine. Lakini ukimwambia "santuri zako" alikukosoa. "Zangu? Mimi ninazitunza tu."

Muziki wenyewe haukuwa wa kwetu. Ulikuwa salsa na jamaa zake wote, wa watu wa visiwa vya mbali na wa vitongoji vya New York, ulioimbwa Kihispania, na mara nyingine Kihispania na Kiingereza humo humo, wenye ngoma, tarumbeta, na piano inayorudia neno lile lile mpaka ukubali. Wazazi wetu walikuwa na rumba ya Kongo na nyimbo za kwaya. Vijana wa miaka ile ya tisini walikuwa na ragga. Yeye peke yake alikuwa na hizi, na kwa sababu yake, uwanja mzima wa wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji ulijua kupiga makofi yale ya kihuni, mawili kisha matatu, ambayo hakuna kanisa lingeyakubali.

Jina lake nalijua, lakini halitamsaidia msomaji. Kwao ni wapi hatukujua. Majirani waliotoka Magharibi walidai ni wao, kwa jinsi alivyosonga ugali. Sisi wa Ukambani tulidai ni wetu, kwa jinsi alivyonyamaza akichokozwa. Naye aliuacha kila upande uamini unavyotaka.

Kazi yake tuliijua. Alikuwa mtandika vitanda kwenye treni ya Mombasa, miaka mingi, mpaka walipompumzisha. Huko bandarini ndiko alikozipata santuri, kwa mabaharia waliotaka kubadilishana, na kuzipakia chini ya mablanketi ya abiria. Na ile sheria yake ilitoka treni hiyo hiyo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asicheze tu, anayesikia asikie. Aliniangalia kana kwamba nimemshauri atembee uchi.

"Binti, hutandiki kitanda cha abiria ambaye hajapanda," alisema. "Ukitandika, kitanda kinakaa wazi njia nzima. Unapita, unakiona. Unarudi, unakiona. Ni kitu kibaya sana kukiona."

Kukupa santuri hakukuwa jambo la siku moja. Alikuangalia kwanza. Alitaka kujua unavyotembea ukiwa na haraka na unavyotembea ukiwa huna pa kwenda, kwa sababu, alisema, mwendo wa pili ndio wako. Mama Akinyi, aliyekaanga samaki kwenye pembe ya uwanja na kuwaita wateja kwa sauti iliyofika hadi Jogoo Road, alitegemea kupewa kitu cha tarumbeta. Akapewa bolero, polepole, sauti moja na gitaa.

"Mzee, mimi nauza samaki kwa kelele toka asubuhi, halafu unanipa wimbo wa mtu anayelia?"

"Kelele ni ya biashara, Mama Akinyi. Hii ni ya ukishafunga meza."

Alimtukana kidogo, kwa Kijaluo ili asielewe, na yeye akaelewa. Lakini Jumapili iliyofuata alijibu "Nipo" kabla swali halijaisha, akaketi kwenye kibao chake na kufunika uso kwa kanga. Hatukujua kama anacheka au la. Baada ya hapo hakuna aliyembishia mzee juu ya santuri aliyopewa.

Tarumbeta zilimwendea baba yangu. Hilo lilituchekesha wiki nzima. Baba alikuwa dereva wa lori la baraza la jiji, mtu mkavu, mlokole, ambaye hata alipopiga chafya aliomba radhi. Santuri yake ilikuwa ya haraka kuliko zote, tarumbeta nne zikifukuzana kama kuku. Alisimama mlangoni amekunja mikono, macho mbali, na mwili wake wote ulikuwa umeokoka isipokuwa kiatu cha kulia. Mama alikuwa akituonyesha kile kiatu kwa kidevu, nasi tukafa kwa kicheko kimya kimya.

Mimi nilipata yangu nikiwa na miaka ishirini na moja, juma lile nilipoanza kazi ya kupiga chapa mahakamani Makadara. Nilikuwa na viatu vipya na nilidhani ninatembea kama karani. Santuri yangu ilikuwa ya wale walioimba lugha mbili, yenye piano, makofi, na watu wanaongea nyuma kama walioalikwa karamuni. Katikati, muziki ukiwa umepungua, mtu mmoja anacheka. Si kicheko cha kuimba. Ni mtu amecheka tu, na wakamwacha humo.

"Huyu anacheka nini?" nilimuuliza.

"Sikia vizuri. Huyo ni mtu amechelewa, akafungua mlango, akakuta walikuwa wanamngoja."

Nilifurahi sana kupewa kicheko hicho. Sikujiuliza kwa nini nimepewa mimi.

Kihispania hakukijua hata neno, na hakujifanya. Mwalimu mmoja wa mtaa alijitolea kumtafutia mtu wa kumfasiria. Alikataa. "Nikijua wanasema nini nitaanza kubishana nao," alisema. Wala hakucheza dansi. Katika miaka yote hiyo sikumwona akitikisa hata bega. Alisimama nyuma ya mashine ameinamisha kichwa, shati limepigwa pasi hadi mikono, akiangalia nje, na kilichomvutia hakikuwa muziki bali uso wa mwenye santuri.

Na hapa ndipo nisipomwelewa mpaka leo. Mtu huyu, aliyekujua mwendo wako kuliko mama yako, hakuingia nyumba ya mtu. Ukimkaribisha chai alisema, "Asante, nimeshakunywa," hata saa kumi na mbili asubuhi. Kwake pia hakuna aliyeingia. Dirisha lilikuwa wazi, mlango ulikuwa umefungwa. Msibani alisimama nyuma kabisa karibu na njia, na harusini hakuja ila alituma ujumbe kuwauliza maarusi watakuwa nyumbani Jumapili ipi. Sisi tulisema ana maringo. Sasa nadhani alikuwa mpweke kwa namna ya watu waliohudumia safari za wengine, ambao hujua kila kitu kuhusu wewe isipokuwa namna ya kuketi nawe.

Vijana walimjaribu. "Niaje mzae! Si utuwekee ka-ragga hata kamoja tu?"

"Ragga mnayo kwa redio. Mimi sina redio. Nina watu."

Kijana mwingine mwenye kibanda cha kaseti Eastleigh alikuja na mashine ya kurekodi, akaahidi kwamba kila mtu pale uwanjani atapata wimbo wake kwenye kaseti, auchukue popote aendako. Tulishangilia. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akatikisa kichwa.

"Kaseti itaimba hata kama mwenyewe hayupo," alisema. Kijana akafunga mashine yake akaenda zake.

Nilimwona mzee mjinga siku hiyo. Watu walikuwa wameanza kuondoka. Reli ilipunguza wafanyakazi, baraza la jiji lilichelewesha mishahara, na kila baada ya miezi michache familia moja ilipakia vitanda kwenye pikapu ikarudi mashambani. Kila aliyeondoka alipita dirishani kuaga. Mzee alimpa mkono, akachukua ganda la mtu huyo, akalifunga uzi wa katani mara mbili, msalaba, akaliweka chini ya rafu. Santuri iliyofungwa uzi haikufunguliwa tena. Kwa hiyo kila Jumapili muziki ulikuwa mfupi kuliko wa Jumapili iliyopita, na hakuna aliyemwondolea nyimbo hizo ila sheria yake mwenyewe.

Kisha baba akafa. Tulimzika Ukambani, tukarudi. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi dirisha likafunguka kama kawaida, na mzee, kwa mazoea ya miaka, akainua ganda la baba. Nikaona amekumbuka akiwa ameshaliinua. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ndogo, "Mwenyewe yupo?"

Uwanja mzima ukaniangalia.

"Nipo," nikasema.

Aliniangalia muda mrefu. "Wewe una yako, binti," akasema, akalirudisha ganda ndani, akachukua uzi. Nililia pale pale mbele za watu. Nilihitaji zile tarumbeta nne siku ile kuliko nilivyowahi kuhitaji chakula, na zilikuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Sikumsamehe, ila nilinyamaza. Nilinyamaza hadi zamu ya Mama Akinyi ilipofika. Magoti yalikuwa yamemkataa, mwanawe amekuja kumchukua kumpeleka nyumbani ziwani. Alipofika dirishani kuaga hakutoa mkono. Aliomba.

"Mzee, nipe ile yangu niende nayo. Mwanangu ana mashine. Huku utaifunga uzi tu, itakufaidi nini?"

"Huko hakuna wa kuuliza kama upo," alisema.

"Nitajiuliza mwenyewe!"

Tulicheka, lakini hakumpa. Mama Akinyi alisimama kidogo, akaangalia rafu kupitia dirishani, kisha akasema, "Haya, kwaheri," akaenda kwenye gari akisaidiwa na mwanawe. Naye mzee akaanza kufunga uzi.

Nikashindwa. Nilimwambia, na sauti yangu ilisikika hadi bomba la maji, "Usituambie tena kwamba hizi ni za watu. Ni zako. Umezifunga zote ili usibaki peke yako bila kitu. Sisi tukienda, wewe unabaki na zetu."

Alimaliza fundo lake. Nilitaka anijibu, nipate la kuongeza, lakini aliniangalia tu kama anayemwangalia abiria aliyezidisha sauti, kisha akaondoa spika ukingoni.

Wiki hiyo nilihama. Nilikuwa nimeshapata chumba Makadara karibu na kazi, na hasira ilinisaidia kubeba mizigo. Nilipita mbele ya dirisha lake nimebeba godoro kichwani. Lilikuwa wazi. Sikusimama.

Kutoka Makadara hadi Kaloleni si safari. Ukichelewa gari unatembea, na unafika jasho halijaanza vizuri. Kila Jumapili nilisema nitakwenda Jumapili ijayo. Kwanza ilikuwa hasira, kisha ikawa aibu ya hasira, halafu ikawa uvivu wa kawaida, ambao ndio mrefu kuliko vyote. Miaka minne ikapita hivyo. Ningependa kusema nilikuwa na shughuli nyingi, lakini Jumapili saa tisa mara nyingi nilikuwa nimelala kitandani naangalia dari.

Nilirudi kwa sababu isiyomhusu. Mwenzangu wa kazini alifiwa, na mkutano wa kuchangia mazishi ukafanyika Jumapili kwenye ukumbi wa Kaloleni. Ulipokwisha, miguu ilinipeleka uwanjani kwetu bila kuniuliza. Nyumba yetu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Pembe ya Mama Akinyi palikuwa na kijana anayechaji betri za magari. Nyuso zote zilikuwa ngeni. Ila dirisha lake lilikuwa wazi, spika ukingoni, na haikuwa na vumbi.

Msichana mmoja alikuwa akianika nguo za mtoto. Nilimsalimu, nikamuuliza kama yule mzee bado anacheza muziki.

"Muziki? Aah, hiyo haichezi, dada. Huwa anafungua tu, anainua kikaratasi fulani anauliza kama mwenyewe yuko. Kila Jumapili. Hakuna mtu anamjibu. Anangoja kidogo, anafunga dirisha. Si unajua wazee, labda akili imeenda."

"Kikaratasi gani? Vingi?"

"Kimoja tu. Kile kile."

Nilishika nguzo ya kamba ya nguo. Nilielewa kabla sijakiona. Nilikiona hata hivyo, kwa sababu saa tisa ilikuwa imefika. Alikuwa amekonda, shati la kupigwa pasi likimpwaya shingoni, na miwani aliyovaa ilifungwa kwa uzi ule ule wa katani. Aliinua ganda. Lilikuwa langu, lenye pembe iliyoliwa na panya, pembe niliyoibandika mwenyewe kwa gundi ya ofisini nikiwa na miaka ishirini na mbili.

"Mwenyewe yupo?"

Hakuwa akiangalia upande wangu. Alikuwa akiuliza nyasi. Nikachelewa, hata nikaona mkono wake umeanza kushuka.

"Nipo!" nikapiga kelele. "Mzee, nipo!"

Msichana aliacha kuanika. Mzee aligeuza kichwa polepole, akavua miwani, akaivaa tena. Alifuta sahani kwa leso, akaiweka, na sindano ikatua ikitafuta njia yake kwenye mikwaruzo. Ndipo piano ikaanza, na makofi, na wale watu wanaoongea nyuma. Nilisimama chini ya dirisha na mkoba begani. Tulipofika pale muziki unapopungua, yule mtu akafungua mlango wake akacheka, nami nikaweka mkono mdomoni kwa sababu nilikuwa nalia kwa sauti.

Ulipokwisha nikamuuliza, "Mbona hukunifunga uzi?"

"Ungefungwaje? Wote waliaga. Wewe hukuaga." Alisema bila lawama, kama anayesoma orodha ya mabehewa. "Abiria ambaye hajaaga hajashuka."

"Miaka minne, mzee."

"Treni ni ndefu."

Nilimwomba msamaha kwa yale niliyosema siku ya Mama Akinyi. Akapunga leso kuyafukuza. Kisha akasema, "Ulisema kweli nusu. Kubaki peke yangu niliogopa. Lakini kuzicheza peke yangu niliogopa zaidi."

Nilimuuliza kwa nini asiwape hawa wapya, msichana huyu, kijana wa betri. Alisema amewaangalia. Wanahama kabla hajajua wanavyotembea. Nikamuuliza basi yake yeye ni ipi kati ya zote zile, na akashangaa kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa kiatu cha mguu wa tatu.

"Mtandika vitanda hana kitanda, binti."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye vigae. Mkoba ulikuwa umenichosha bega, na kesho ilikuwa Jumatatu. Nilinyoosha mkono dirishani, jinsi wote walivyofanya, na nikafungua mdomo kusema neno lile ambalo mtu mwenye adabu husema akiondoka. Macho yake yakaenda kwenye rafu, mahali uzi ulipokuwa. Kisha akainua leso mbele ya uso wangu, haraka, kana kwamba nilikuwa karibu kuangusha kitu.

"Usiage," akasema. "Nenda tu."

Nikaurudisha mkono wangu nikaenda. Sikugeuka nyuma, kwa sababu kugeuka nako ni kuaga. Nilipofika Jogoo Road nilikuwa bado sijasikia dirisha likifungwa.